Kuseti muda wa spika na besi kwenye gari: chukua futi kwanza, wufa kubwa baadaye

Kuna kijana alikuja na Toyota IST yake pale ninapofanyia kazi Ngamiani, hapa Tanga, amevimba kwa hasira kwa ajili ya wufa, ile spika kubwa ya besi ya kwenye buti. "Shikamoo fundi. Hii wufa nimepigwa, ni mbovu." Nikamwambia marahaba mdogo wangu, hebu washa tusikie. Akawasha. Ukisimama nje nyuma ya gari buti linatetemeka, namba ya gari inapiga kelele kama debe la misumari, watu wa duka la pili wanageuka. Haya sasa ingia ndani ukae kwenye usukani, funga milango, besi hamna. Unaisikia kwa mbali tu kama ya gari la jirani. Na sauti ya mwimbaji yote imejikusanya kwenye goti la kulia, pale kwenye spika ya mlango wa dereva, upande wa kushoto ni kama haupo.

Alishaanza kuulizia bei ya wufa ya pili. Nikamwambia hela hiyo iache mfukoni kwanza, nikatoa futi, ile tepu ya kupimia ya fundi seremala, na betri ndogo ya rimoti. Tulimaliza kabla ya adhuhuri kwa wufa ileile na amplifaya ileile, hakununua kitu zaidi ya kipande cha sponji. Nilichofanya siku ile ndio naandika hapa, kwa sababu naona vijana wengi Tanga hii wanaunguza hela kwenye wufa wakati tatizo ni spika hazifiki sikioni kwa wakati mmoja.

Kwanza elewa kinachotokea, ukikielewa hiki hatua zote zinakuwa rahisi.

Magari yetu usukani uko kulia. Ukikaa kwa dereva spika ya mlango wa kulia iko karibu na wewe, ya kushoto iko mbali, wufa iko buti mbali zaidi. Sauti kwenye joto letu hili la nyuzi 30 inasafiri kama mita 350 kwa sekunde, yaani sentimita 35 kwa kila milisekunde moja. Namba hiyo 35 ishike, tutaitumia sana. Spika ikiwa mbali zaidi kwa sentimita 35 basi sauti yake inachelewa milisekunde moja. Utasema milisekunde moja ni nini bwana, ila sikio la binadamu ni kali mno kwenye hilo, sauti inayofika mwanzo ndiyo inayoliambia sikio muziki unatoka wapi, na hili sio la kubuni, Mjerumani Helmut Haas alilifanyia utafiti akaliandika mwaka 1949. Ndio maana mwimbaji anakaa gotini kwako, spika ya kulia inamfikisha mapema.

Kwenye besi ni tofauti kidogo. Wimbi la hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) lina urefu wa zaidi ya mita 4. Wufa na spika za milango zinapokutana pale kwenye hezi 80, kama moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, zinakulana. Nenda Deep Sea asubuhi uangalie watu wanavyopandisha ngalawa pwani, wote wanasubiri sauti moja, wanasukuma kwa pamoja, chombo kinapanda. Wakisukuma kila mtu kwa wakati wake hata wawe ishirini chombo hakiendi. Wufa ya yule kijana ilikuwa inasukuma na milango inavuta. Kumwongezea wufa ya pili ni kuongeza mtu mwingine wa kusukuma kwa wakati mbaya.

Sasa tuanze. Fuata mpangilio huu huu, usirukie kwenye dilei, yaani kuchelewesha sauti ya spika, kabla ya mengine maana utarudia kazi.

HATUA YA 1: Zima kila kitu kilichoongezwa

Ingia kwenye redio, ikwalaiza iweke bapa, yaani vyote sifuri. Besi busti zima, laudinesi zima, zile sijui super besi, sijui 3D, zima zote. Kwenye amplifaya kile kitufe cha besi busti kirudishe sifuri kabisa. Spika za nyuma kama zipo zizime kwa muda kwa kupeleka feda, ile ya kugawa sauti mbele na nyuma, mbele kabisa.

Besi busti watu wanaipenda ila hesabu yake ni mbaya. Ukiongeza desibeli 3 unaiomba amplifaya nguvu mara mbili, ukiongeza 6 unaiomba mara nne. Amplifaya ya wati 300 haina wati 1200 za kukupa, inachofanya ni kukata wimbi juu na chini, sauti inakwaruza, koili ya wufa inapata moto mpaka inanuka. Wufa nyingi ninazoletewa zimeungua zimeuawa hivyo.

HATUA YA 2: Waya na polariti

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo ugonjwa mwingi ulipo.

Anza na umeme. Waya mkubwa wa kutoka betri lazima uwe na fyuzi karibu na betri, isizidi kama sentimita 45, kwa sababu waya ukichubuka kwenye bodi gari linaungua. Ukinunua waya kwangua kidogo kwa kisu, ukiona ndani ni mweupe basi ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme kidogo kuliko shaba yenyewe, kwa hiyo chukua nene zaidi au tafuta ya shaba tupu. Halafu graundi. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula vyuma, graundi iliyofungwa juu ya rangi au juu ya kutu haifai, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza nati, kisha paka grisi juu yake. Injini ikiwaka pima pale kwenye amplifaya, upate volti 13.8 hadi 14.4. Ukipata 12 na muziki ukiwa juu inashuka zaidi, tatizo ni waya au graundi au oltaneta, na hapo usiseti chochote mpaka tatizo hilo liishe.

Sasa polariti, yaani chanya na hasi ya waya kila moja ikae mahali pake. Chomoa waya za spika kwenye amplifaya au kwenye redio. Chukua ile betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya ya betri kwenye waya chanya wa spika na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu usishikilie. Koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, itoke nje. Ikiingia ndani basi waya umegeuzwa mahali. Fanya kwa kila spika ya mlango na kwa wufa, na kama wufa yako ina koili mbili pima kila koili peke yake. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, usipime hivi, koni yake huioni na kuna kapasita inazuia.

Kwenye ile IST mlango wa kulia ukatoka nje vizuri. Wufa ikatoka. Mlango wa kushoto nikagusisha, koni ikaingia ndani. Nikamwita kijana akaweka kidole chake pale kwenye koni, nikagusisha tena, akasema "imevuta fundi". Ndio hivyo. Aliyefunga kabla yangu alikata soketi ya gari akaunganisha kwa kubahatisha rangi, na rangi za waya za magari hazifanani kampuni na kampuni, wala usiamini kwamba yenye mstari ni hasi siku zote. Nikazigeuza, nikarudisha kava. Kabla hata ya kugusa redio besi ya mbele ikarudi nusu nzima.

HATUA YA 3: Mgawanyo wa kazi, krosova

Kila spika ipewe kazi inayoiweza. Spika za milango za inchi 6 weka haipasi hezi 80, yaani zisicheze chini ya hapo. Wufa weka lopasi hezi 80, isipande juu ya hapo. Kama redio inakupa kuchagua mteremko chagua desibeli 24, kama huna basi 12. Mteremko wa 24 unafanya wufa inyamaze haraka juu ya 80, na hilo ndilo linalosaidia besi isionekane inatoka nyuma.

Wufa iliyo kwenye boksi lenye tundu inahitaji pia sabsoniki, kichujio cha kuzuia besi ya chini mno, iweke hezi chache chini ya hezi ambayo tundu limetengenezewa, mfano boksi la hezi 35 weka sabsoniki 28 au 30. Chini ya tundu koni haina kitu cha kuishikilia, inapigapiga hovyo mpaka inachanika. Boksi lililofungwa kabisa halina shida hiyo.

Kosa ninaloliona kila siku: krosova imewekwa kwenye redio halafu imewekwa tena kwenye amplifaya. Chagua sehemu moja. Ukiseti kwenye redio ile ya amplifaya iweke OFF, kama haina OFF basi lopasi ipandishe mpaka mwisho. Vinginevyo vichujio viwili vinazungusha wimbi na hesabu zako zote za muda zitakuwa hewa.

HATUA YA 4: Geini

Geini sio voliumu, rafiki yangu. Geini inaiambia amplifaya redio inaleta volti ngapi ili zikubaliane.

Ukiwa na mita fanya hivi. Chukua wati za RMS, yaani nguvu halisi ya mfululizo, sio zile 2000 zilizoandikwa kwa maandishi ya moto kwenye boksi, zidisha na ohmu, tafuta kipeuo cha pili. Amplifaya ya wati 300 kwenye ohmu 4: 300 mara 4 ni 1200, kipeuo chake ni volti 34.6. Kama wufa yenyewe inabeba wati 200 tu basi tumia 200, unapata 28.3. Chomoa waya wa spika kwenye amplifaya, weka mita kwenye volti za AC, cheza toni ya hezi 50 ya desibeli 0 (zipo za bure, pakua kwenye simu uweke kwenye flashi, usicheze kwa bluetuthi), voliumu ya redio robo tatu, kama mwisho ni 40 weka 30. Geuza geini taratibu mpaka mita isome namba yako. Acha hapo. Kwa amplifaya ya milango tumia toni ya hezi 400 maana 50 imeshachujwa na krosova, na mita za bei rahisi zinaanza kudanganya ukipanda juu sana.

Kama huna mita, geini ianze chini kabisa, voliumu robo tatu, wimbo safi, pandisha mpaka usikie kukwaruza kwa mara ya kwanza, kisha rudi nyuma vya kutosha. Sio sahihi kama mita ila hutaunguza kitu.

HATUA YA 5: Kupima umbali

Kaa kwenye kiti kama unavyoendesha kila siku. Usikae kama uko kwenye picha ya pasipoti, kama wewe unalala nyuma basi lala nyuma. Mtu wa pili ndio apime. Ncha ya futi iwe pale kichwa chako kilipo, katikati ya masikio, nyingine iguse katikati ya spika. Andika kwenye karatasi. Za ile IST zilikuwa hivi:

Wufa buti, sentimita 185
Mlango wa kushoto, 138
Twita ya kushoto, 126
Mlango wa kulia, 94
Twita ya kulia, 80

Iliyo mbali kuliko zote ni wufa, hiyo ndiyo inasubiriwa, dilei yake sifuri. Nyingine zote zicheleweshwe zikutane nayo. Hesabu ni moja tu: toa umbali wa spika kutoka kwenye 185, gawanya kwa 35.

Mlango wa kushoto: 185 toa 138 ni 47, gawanya 35 ni milisekunde 1.34
Twita ya kushoto: 59 gawanya 35, ni 1.69
Mlango wa kulia: 91 gawanya 35, ni 2.60
Twita ya kulia: 105 gawanya 35, ni 3.00

Unaona twita ya kulia iliyo karibu zaidi ndiyo inacheleweshwa zaidi. Ukijikuta umeichelewesha ya mbali ujue umegeuza hesabu, rudia.

Kama twita na spika ya mlango ziko pamoja kwenye laini moja na kile kiboksi cha krosova cha kuzigawia, redio haiwezi kuzitenganisha, basi tumia umbali wa spika ya mlango kama mwanzo halafu utamalizia kwa sikio.

HATUA YA 6: Kuingiza kwenye redio

Hapa soma vizuri kabla ya kubonyeza. Redio ziko za aina mbili. Kuna zinazouliza DILEI, kwa milisekunde au kwa sentimita, hizo unaingiza majibu ya hesabu. Na kuna zinazouliza UMBALI wa spika, hizo unaingiza umbali wenyewe ulioupima, 185, 138, 94, na redio inapiga hesabu yenyewe. Ukiingiza dilei kwenye redio inayouliza umbali umegeuza kila kitu, ya karibu inazidi kuwahi na ya mbali inazidi kuchelewa. Kwenye menyu tafuta TA au DTA au Time Alignment, na nyingi zinakutaka kwanza uchague kiti, chagua cha mbele kulia. Angalia na saizi ya gari au mahali pa spika kama inauliza. Hizi redio za android za bei nafuu nyingi zina ukurasa wa dilei wenye picha ya gari na viti vinne, unafanya kazi, ila hakikisha kwa sikio kwamba kushoto kwenye skrini ndio kushoto kweli, zipo zilizoandikiwa gari za usukani kushoto.

Kama redio yako haina kabisa kitu hiki, usijaribu kukifidia kwa balansi. Balansi inapunguza sauti tu, haibadilishi muda. Fanya hatua zote nyingine, na ukipata hela tafuta redio yenye TA au DSP ndogo (kifaa cha kurekebisha sauti chenye dilei) kabla hujafikiria wufa nyingine.

HATUA YA 7: Sikio limalizie

Futi inakufikisha karibu na mlango, kuingia ndani ni sikio.

Tafuta wimbo wenye sauti ya mtu mmoja mbele na vyombo vichache. Mimi napenda taarabu ya zamani ya hapa hapa Tanga, enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, gitaa la besi linatembea peke yake unalisikia kila noti, na rekodi nyingi za enzi hizo ni mono, yaani kushoto na kulia ni kitu kilekile. Hiyo ni dhahabu kwa kazi hii. Mono ikipigwa kwenye gari lililosetiwa vizuri, mwimbaji anasimama sehemu moja mbele yako juu ya dashibodi, hatawanyiki. Kasida yenye dufu nayo ni nzuri, pigo la dufu likisikika mara mbilimbili au limetanuka kama limepigwa kwenye ukumbi, muda bado.

Zima wufa kwa sasa. Fumba macho. Sauti ya mtu iko wapi? Ikivutwa kulia ongeza dilei ya kulia kwa 0.05 au 0.1, twita na mlango wake kwa pamoja. Ikienda kushoto punguza. Usikimbie, kila ukibadilisha sikiliza angalau nusu dakika. Ukifika mahali muda ukiongeza au ukipunguza inaharibika, basi baki hapo, na kama bado inavutwa kidogo upande mmoja ndio sasa punguza sauti ya upande huo desibeli 1 au 2.

Kuna namna nyingine, cheza ile kelele inayofanana na mvua juu ya bati, inaitwa pinki noizi. Ikiwa sawa unaisikia kama kitone mbele yako. Ikizunguka kichwa chako na huwezi kuinyooshea kidole, rudi hatua ya 2, kuna polariti imegeuka, na wakati mwingine ni twita.

HATUA YA 8: Kuwafunganisha wufa na milango

Hii ndiyo hatua iliyomfanya yule kijana acheke.

Wufa haifuati futi sawasawa. Kichujio chake na boksi vinaichelewesha kidogo zaidi ya umbali unaoonekana, kwa hiyo baada ya kuingiza namba za futi bado kuna kazi. Na sikio linaona shimo kirahisi kuliko kilima, kwa hiyo tunatafuta shimo kwanza kisha tunaligeuza.

Washa wufa na mbele kwa pamoja. Cheza toni ya hezi 80 mfululizo, sauti ya wastani tu. Geuza fezi ya wufa iwe 180, yaani isukume pale ilipokuwa inavuta. Kaa pale pale kwa dereva, kichwa kisihame. Sasa ongeza dilei ya spika zote za mbele kwa kiasi sawa, nusu milisekunde kila mara, kushoto na kulia kwa pamoja ili tofauti uliyoiweka baina yao isiharibike. Kwa redio inayouliza umbali, idanganye kwamba wufa iko mbali zaidi: badala ya 185 andika 220, hiyo ni sentimita 35, ni milisekunde 1. Endelea. Utafika mahali toni inazama, inakuwa nyembamba kama imeondoka garini. Programu ya kupima sauti kwenye simu inasaidia, namba yake yenyewe usiiamini lakini kushuka na kupanda kwake kunaonekana. Tafuta pale inapozama kuliko kote.

Umepata? Sasa rudisha fezi ya wufa kwenye 0, usiguse kingine.

Kwenye IST tulifika 1.5 juu ya namba za futi. Niliporudisha fezi kijana alishika usukani kwa mikono miwili, anaangalia mbele kwenye dashibodi kama anatafuta wufa imefichwa wapi. "Fundi umehamisha wufa?" Sikuhamisha kitu. Besi ikitoka kwa pamoja na milango, sikio linaiweka mbele.

Angalizo mawili. Ukiona umeongeza mpaka karibu milisekunde 6 umepitiliza, wimbi zima la hezi 80 ni milisekunde 12.5 na nusu yake ni 6.25, umeshaingia kwenye mzunguko mwingine, rudi ulikotoka. Na kama inazidi kuzama ukiwa unapunguza dilei ya mbele, basi wufa ndiyo inayotakiwa kusubiri, mpe yeye dilei kidogo.

HATUA YA 9: Kiasi cha besi

Wufa ishushe mpaka isisikike. Cheza wimbo unaoujua vizuri, pandisha kidogo kidogo mpaka gitaa la besi na ngoma vijae, usimame pale kabla hujaanza kuisikia buti. Ukiisikia iko nyuma yako wakati muda uko sawa, sababu ni moja kati ya hizi: lopasi iko juu sana, 120 huko, au sauti ya wufa imezidi, au kuna kitu buti kinagongagonga. Hiki cha mwisho watu hawakiwazi. Besi yenyewe ya chini sikio haijui inatoka wapi, lakini bati linalotetemeka lina sauti ya juu, na hiyo ndiyo inamwambia sikio "ni nyuma huku". Bandika sponji nyuma ya namba ya gari, kaza jeki na spana ya tairi, weka kitambaa chini ya ubao wa buti. Kama unabandika vizuizi milangoni usitumie lami ya kuezekea mapaa, jua letu linaiyeyusha, inashuka kwenye mota ya kioo na gari linanuka miezi.

Ikwalaiza sasa ndio unaweza kuigusa, na kwa kupunguza zaidi kuliko kuongeza. Chumba cha gari kinabeba besi ya chini kwa asili yake, kwa hiyo mara nyingi kuna mvumo kati ya hezi 40 na 60, kata desibeli 2 au 3 hapo. Ukikuta hezi fulani imezama na kila ukiongeza haipandi, acha, hapo kuna mawimbi yanakulana na ikwalaiza haiwezi kuyapatanisha, angalia muda na polariti tena.

Mwenye Crown au Mark X buti lako limetengwa na kiti cha nyuma, besi nyingi inabaki huko, fungua kitundu cha kiti au laza kiti kabla ya kulaumu. IST, Passo, Noah hazina tatizo hilo, jaribu tu kuelekeza wufa kwenye mlango wa nyuma na kusogeza boksi, sogeza sentimita 20 usikilize, ila ukishasogeza pima upya.

Seti ukiwa katika hali unayoendeshea. Kama AC haifanyi kazi na unatembea vioo wazi, seti vioo vikiwa wazi, maana vioo wazi besi ya chini inapungua. Ukimaliza zunguka nayo, mimi huwa natoka Kange mpaka Pongwe na kurudi, mngurumo wa tairi unameza besi kwa hiyo inaweza kutaka desibeli 2 zaidi barabarani kuliko ulipokuwa umepaki.

Dilei uliyoweka ni ya kiti kimoja, abiria wa kushoto kwake itakuwa vibaya kuliko mwanzo. Redio nyingi zinahifadhi seti zaidi ya moja: ya kwanza iwe ya dereva peke yake, ya pili toa dilei za kushoto na kulia zilingane ila ile ya wufa na mbele iache, hiyo ni ya siku una familia mnaenda Raskazone. Noah ya abiria tumia hiyo ya pili muda wote.

Halafu kabla hujashuka kwenye gari piga picha kila ukurasa wa redio kwa simu, dilei, krosova, ikwalaiza, na kile kitufe cha geini kwenye amplifaya kiwekee alama ya kalamu. Fundi wa injini akichomoa betri siku moja, redio nyingine zinasahau kila kitu.